Somo: Neno gumu la Kiingereza lijue pamoja na majirani zake

Habari zenu wadau. Leo nawaonyesha ninavyojifunza msamiati mgumu wa Kiingereza, yale maneno ya kwenye ripoti, mikataba na matangazo ya kazi ambayo ukikutana nayo unayaruka ukiamini mbele ya safari utaelewa. Na mimi nilikuwa naruka hivyo hivyo mpaka siku moja kazini bosi akaniandikia kuhusu utaratibu niliopendekeza, "This will exacerbate the delay", nikadhani ameukubali, nikajibu "Thank you very much" na nikautekeleza wiki nzima. Kumbe alikuwa ananiambia utazidisha ucheleweshaji. Iliniuma sana, ndo nikabadilisha njia.

Hatua ya kwanza, chagua maneno matano tu kwa wiki, na yatoke kwenye kitu ulichosoma mwenyewe, achana na zile orodha za maneno mia mnazotumiana WhatsApp.

Hatua ya pili, soma maana kwa Kiingereza kwanza. Hapa wengi mnaogopa, mnasema nitaelewaje wakati Kiingereza chenyewe ndo nakitafuta, lakini zipo kamusi za wanaojifunza, mfano ile ya Longman tangu toleo la kwanza la 1978 inaeleza maneno kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 hivi, kwa hiyo ukijikaza kidogo unaisoma. Tuchukue hilo hilo exacerbate: to make a bad situation worse. Iangalie hiyo "bad situation", hapo ndo penyewe. Ukiandika kwenye daftari "exacerbate ni kuzidisha" umeshapotea, maana kwa Kiswahili unazidisha chumvi, unazidisha mbili kwa tatu, unazidisha hata juhudi, ila exacerbate inakwenda na mabaya tu: a problem, a shortage, a conflict, pain. Mimi kwenye daftari langu nimeliandikia "kutonesha kidonda" na tangu hapo halijanipotea.

Hatua ya tatu ni majirani, na hapa ndo watu wengi wanaanguka hata waliosoma. Usiandike neno peke yake, andika na linalokaa nalo. Reluctant inafuatwa na to halafu kitendo: "My landlord is reluctant to repair the roof", yaani anaweza kuliezeka ila moyo wake mzito. Lenient, mpole wa kuadhibu: "The teacher was lenient with latecomers." Mitigate, kupunguza makali, inashika jambo moja kwa moja: "Clearing the drains will mitigate the flooding at Jangwani." Naona watu wanaandika "mitigate against", hapana jamani, inayotaka against ni militate na hiyo ni kukwamisha: "His temper militates against his promotion."

Hatua ya nne, tunga sentensi tatu za maisha yako, na watu unaowajua wawemo. Neno meticulous nilililenga kwa fundi wangu wa nguo. Yule mzee anapima kiuno, anaandika kwenye karatasi, anapima tena kabla ya kushika mkasi, na akiona mshono umekwenda kombo hata kidogo anaufumua wote anaanza upya. "My tailor is meticulous about measurements, he never cuts the cloth before measuring twice." Nikilisoma neno hilo popote namuona yeye na futi yake shingoni.

Halafu rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, funika maana na useme kwa sauti.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu, niko kidato cha nne, nikijaza maneno haya kwenye insha nitapata maksi zaidi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Usijaze. Neno moja likikaa mahali pake linatosha, ukiandika "The good news exacerbated our happiness" msahihishaji atajua umekariri tu.

Swali: Mkuu, disinterested na uninterested si kitu kimoja?
Jibu: Hapana mkuu. Uninterested ni asiye na habari na jambo, disinterested ni asiye na upande wala maslahi. Refa wa Simba na Yanga tunataka awe disinterested, akiwa uninterested hata rafu hataziona. Wapo wenye lugha yao wanaochanganya, ila kwenye maandishi rasmi zitenganishe.

Swali: Kaka nisahihishie hii, "The shortage of water in our street was exacerbated because of the broken pump."
Jibu: Maana umeipata dada, hongera. Ondoa because of, weka by: "was exacerbated by the broken pump". Hiyo ni moja, bado mbili, zilete.