Mpiganaji au Mnyemelezi: Namna ya Kuchagua Kabla ya Kujaza Karatasi ya Mhusika

Kila kundi jipya ninalolisimamia hapa Tanga katika mchezo wa Dungeons & Dragons, yaani mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi ambamo kila mchezaji huwa mhusika mmoja na dadu huamua matokeo, hukwama mahali pamoja. Anayetaka kuwa mchawi au kuhani hujijua mapema, lakini anayetaka kushika silaha hubaki njia panda baina ya mpiganaji na mnyemelezi, na mara nyingi huamua kwa kutazama picha. Mimi humshauri aamue kwa kutazama wenzake, kwa kuwa mpiganaji hujitosheleza popote atakapowekwa, ilhali nguvu za mnyemelezi hutegemea sana mahali wenzake waliposimama.

Hesabu zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni za toleo la tano la mwaka 2014, ambazo sehemu yake ya msingi hupatikana bure mtandaoni na ina aina zote mbili za wahusika. Penye tofauti kubwa na marekebisho ya mwaka 2024, nitaeleza.

Hatua ya kwanza: tazama walioketi mezani

Silaha kuu ya mnyemelezi ni shambulio la kuvizia, ambalo mara moja katika zamu humwongezea dadu za jeraha, yaani za kuhesabu pointi za uhai anazopoteza adui: dadu 1 ya nyuso 6 katika ngazi ya kwanza (ngazi ni daraja ambalo mhusika hupanda kadiri anavyocheza), 2 katika ngazi ya tatu, 3 katika ngazi ya tano, na kuendelea hivyo hadi dadu 10 katika ngazi ya 19. Dadu hizo hazitolewi bure. Ni lazima atumie silaha ya kupigia mbali, kama upinde, au silaha inayotaka wepesi, kama vile upanga mfupi. Kisha ama awe katika hali inayomruhusu kurusha dadu ya nyuso 20, ile inayoamua kama pigo limepata, mara mbili na kuchukua namba kubwa, ama awepo mwenzake mwenye fahamu zake aliyesimama ndani ya futi 5 za adui yule yule. Akiwa katika hali ya kulazimishwa kuchukua namba ndogo, basi hata mwenzake akiwepo, amezikosa dadu hizo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, waulize wenzako ni nani atakayesimama mbele. Kundi la mchawi, mpiga upinde na mnyemelezi halina mtu wa kumbana adui, na mnyemelezi atatumia nusu ya jioni akitafuta pa kujificha ili apate haki yake. Hapo chukua mpiganaji bila kusita. Iwapo tayari yupo mpiganaji au kuhani mwenye ngao, mnyemelezi ni chaguo zuri, na kwa maoni yangu ni bora kuliko mpiganaji wa pili. Marekebisho ya 2024 yamepunguza utegemezi huu kidogo, kwani mnyemelezi aliyebobea katika upanga mfupi akimjeruhi adui hupata kurusha dadu mbili katika shambulio lake linalofuata dhidi ya adui huyo.

Hatua ya pili: pigana pambano moja la majaribio

Usiamini maelezo ya jumla. Weka goblini mmoja, yaani zimwi dogo la mchezo huu, mezani na upige hesabu. Tuchukue binadamu wawili wa ngazi ya kwanza, wote wakiwa na nyongeza ya +3 (namba inayoongezwa kwenye dadu) katika sifa yao kuu, yaani nguvu kwa mpiganaji na wepesi kwa mnyemelezi, na +2 katika ustahimilivu. Mpiganaji anaanza na pointi 12 za uhai, mnyemelezi 10. Tofauti hiyo ni ndogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu pengo lenyewe liko kwenye kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampate. Mpiganaji mwenye deraya ya minyororo na ngao ana kinga ya 18, wakati mnyemelezi mwenye deraya ya ngozi ana 14. Goblini huongeza 4 kwenye dadu yake ya nyuso 20, hivyo humpata mpiganaji kwa namba 14 na kuendelea, ambayo ni asilimia 35, na humpata mnyemelezi kwa namba 10 na kuendelea, ambayo ni asilimia 55. Kila pigo lake ni wastani wa pointi 5 na nusu. Mnyemelezi akipigwa mara mbili, kwa kawaida amelala chini.

Kwa upande wa kutoa jeraha, mpiganaji mwenye upanga mrefu aliyechagua mtindo wa silaha moja hutoa wastani wa 9 na nusu kila anapopata, naye mnyemelezi mwenye upanga mfupi hutoa 10 akitimiza masharti ya kuvizia, na 6 na nusu tu asipoyatimiza. Mnyemelezi anayeshika panga fupi mbili hupata jaribio la pili pale la kwanza linapokosa, jambo ambalo katika ngazi ya kwanza lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana.

Asiye na dadu za aina zote asikate tamaa. Mnyemelezi mwenye panga fupi anaweza kuhesabu majeraha yake yote kwa dadu za ludo zinazouzwa dukani. Kwa dadu ya nyuso 20, vipande 20 vya karatasi vilivyoandikwa namba na kukunjwa ndani ya bakuli vinatosha, mradi kila kipande kirudishwe kabla ya kuchota tena.

Hatua ya tatu: tazama ngazi ya tano

Katika ngazi ya tano mpiganaji hupata mashambulizi mawili kwa zamu. Akiwa ameongeza nguvu hadi +4, kila pigo ni wastani wa 10 na nusu, na yote mawili yakipata ni 21. Mnyemelezi wa ngazi hiyo, mwenye wepesi wa +4, hutoa wastani wa 18 katika pigo moja. Namba zinakaribiana, lakini mpiganaji akikosa mara moja bado ana nusu ya mavuno yake, na mnyemelezi akikosa pigo lake hana kitu, isipokuwa ametumia upanga wa pili. Mchezaji anayekereka upesi dadu inapomtupa ni afadhali achukue mpiganaji.

Hatua ya nne: pima muda usio wa vita

Huwa nawapeleka wachezaji wapya katika pango la kubuni nililolichora kwa kufuata Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini mwa mji wetu, lenye njia nyembamba za mawe ya chokaa zinazofunguka ghafla kuwa kumbi. Humo kazi kubwa ni kupeleleza, na deraya ya minyororo humlazimisha mvaaji kuchukua namba ndogo kila anapojaribu kunyata. “Dada, tangulia wewe,” mpiganaji wetu alimwambia mnyemelezi mlangoni, “mimi nikikanyaga humu hata popo watatoa taarifa.” Mnyemelezi huongeza maradufu nyongeza ya ustadi, yaani namba anayoongezewa kwenye dadu kwa jambo alilojifunza, katika stadi mbili anazozichagua, na kuanzia ngazi ya pili anaweza kukimbia, kujificha au kujitoa vitani bila kupoteza shambulio lake. Kumbuka tu kwamba binadamu haoni gizani: akibeba mwenge anaonekana, na asipoubeba hana anachokiona.

Mpiganaji katika muda huo hana mengi. Faida zake, kama kujirudishia uhai kwa dadu ya nyuso 10 na kuongeza tendo moja zima kuanzia ngazi ya pili, karibu zote ni za vita. Kama mezani kwenu mapigano ni machache na mazungumzo ni mengi, lipime hilo kwa uzito.

Hatua ya tano: jaza karatasi, na uache nafasi ya kubadili

Weka namba kubwa kwenye sifa kuu, inayofuata kwenye ustahimilivu, kisha ucheze ngazi mbili za mwanzo. Katika ngazi ya tatu aina zote mbili huchagua tawi la kubobea, na kuanzia hapo kubadili huwa ni usumbufu kwa msimamizi na kwa hadithi nzima. Kwa hiyo ukiona uchaguzi haukukufaa, mwombe msimamizi ubadili ukiwa bado katika ngazi ya pili.