Somo: Kibanda cha sungura cha nje, kwa joto la pwani

Vibanda vingi vya sungura vinavyoigwa vilibuniwa nchi za baridi: kuta nne za mbao, tundu moja la hewa, bati juu. Ukikijenga hivyo Malindi au Lamu, sungura atakufa Februari au Machi. Sungura hatoki jasho. Joto lake hulitoa kwa masikio na kwa kuhema, na hewa ikizidi nyuzi 30 bila upepo huanza kulemewa. Kwa hiyo tunaanza na upepo na kivuli. Mlango na komeo vitafuata. Vipimo hivi vinatosha sungura wawili wa ukubwa wa wastani.

Mahali

Ubavu mrefu wa kibanda ulale mashariki-magharibi, mbele patazame kaskazini, yaani upande wa kibla. Hapo jua la asubuhi na la alasiri hupiga pande fupi tu, nazo tunaziziba. Upepo wa kaskazi, unaovuma miezi ile ya joto kali, huingia kwa mbele, na mvua inayoletwa na kusi hukuta mgongo.

Kivuli cha mwarobaini au mkwaju hushinda paa lolote. Chini ya mnazi usijenge kamwe: nazi moja ikianguka hutoboa makuti na waya.

Vifaa

- Nguzo za mvinje, unene sm 8: nne za sm 150, mbili za sm 195
- Mbao za inchi 2 kwa 2, jumla mita 15
- Papi (mbao nyembamba) 22 za sm 60, upana sm 3
- Plaiwudi ya mm 12, karatasi moja
- Waya wa kuchomelewa, matundu ya sm 2.5, upana sm 90, mita 3
- Makuti 60, fito za mvinje, kamba za usumba
- Bawaba 2, komeo 2, misumari ya kawaida na ya U
- Mikebe 6 ya rangi ya lita 4

Waya wa kuku usinunue. Sungura huutafuna na mbwa huurarua kwa usiku mmoja. Waya mpya wa kuchomelewa usuguliwe kwa siki na brashi, usuuzwe, uachwe nje siku kadhaa, kwa sababu sungura hulamba waya na vumbi la zinki humdhuru.

Fremu

Mvinje ukichimbiwa ardhini huliwa na mchwa. Simamisha kila nguzo ndani ya mkebe juu ya jiwe bapa, kisha tia mafuta machafu ya injini kina cha vidole viwili. Siafu hawatavuka. Maji hayafai humo, yatazaa mbu. Nguzo nne fupi ni za pembe. Mbili ndefu zikae katikati ya pande fupi, zibebe mwamba wa paa. Piga vishikizo vya mshazari kila upande, maana nguzo hazikuchimbiwa na kusi likivuma kibanda kitayumba.

Fremu ya sakafu ipigwe sm 90 kutoka chini, ya dari sm 150. Urefu sm 150, kina sm 60. Gawanya ndani: sm 100 chumba cha wazi, sm 50 chumba cha kulala, na tundu la sm 20 kwa 20 baina yao.

Sakafu

Makosa mengi yako hapa. Sakafu ya waya mtupu huchubua visigino, vidonda vikaingia uchafu, na sungura akaacha kutembea. Sakafu ya mbao nzima nayo hushika mkojo. Harufu kali ya mkojo huchoma mapafu, na kinyesi chenye unyevu hueneza koksidia, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto kwanza. Dawa ni papi zenye nafasi ya sm 1.5 kati yake. Ikizidi hapo mguu wa mtoto utanasa; ikipungua kinyesi hakipiti. Zipige msasa, na weka ubao mtegemeo katikati ili zisipinde. Chumba cha kulala kiwe plaiwudi nzima, na nyasi kavu zibadilishwe kila zikilowa.

Kuta

Pande fupi, chumba cha kulala na sm 40 za chini za mgongo ni plaiwudi. Mbele ya chumba cha wazi na sm 20 za juu za mgongo wake ni waya: upepo ukiingia mbele lazima upate pa kutokea. Dari yote ni waya.

Paa

Mwamba ukae sm 45 juu ya dari, makombamoyo (miti inayobeba fito za paa) yateremke kwa mteremko wa nusu pembe mraba, yaani nyuzi 45, pande zote mbili. Paa lililolala zaidi ya hapo litavuja. Litokeze sm 30 kila upande. Fito zifungwe kila sm 10 na makuti yaanzie chini kwenda juu. Nafasi iliyo kati ya dari na makuti ndiyo inayotoa joto, kwa hiyo usiijaze gunia wala nyasi.

Ukingo wa makuti utafika sm 135 kutoka chini. Mlango, basi, usizidi sm 40 kwenda juu, ama utagonga makuti kila ukifunguliwa. Weka komeo mbili. Paka na kanu hujua kusukuma moja.

Maswali ya wanachama

*Asalaam aleikum. Niko Shela, uwanja sina. Naweza kukiweka juu ya nyumba?*
Waaleikum salaam. Sakafu ya zege ikipigwa na jua hutoa joto hadi usiku, na miguu ya sm 90 haitoshi kumwepusha. Ikiwa juu pameezekwa makuti na upepo unapita, sawa. Pakiwa wazi, usimweke.

*Makuti naogopa moto, jirani hupikia kuni karibu. Bati je?*
Bati lafaa kwa masharti mawili: liinuliwe sm 30 juu ya dari, na lipakwe chokaa nyeupe kila mwaka. Mchana lishike kwa mkono. Likikuunguza, ongeza kivuli cha mti au turubai. Kumbuka pia hewa ya bahari hula misumari kabla ya bati lenyewe.

*Wangu jana alihema mdomo wazi, mate yakimtoka. Nifanyeje, ndugu?*
Huo ni ugonjwa wa joto. Mwondoe juani, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umpepee. Usimtumbukize majini. Asipotulia mapema, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Siku za joto mwekee chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa kitambaa, atailalia ubavuni.

*Maji ya kisima chetu yana chumvi. Anayaweza?*
Msiyoyanywa nyinyi, msimpe. Tumieni ya jabia, yaani birika la maji ya mvua. Sungura wa kilo 2 hunywa kama robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Bakuli zito la udongo halipinduki na hubaki na ubaridi.

*Nimeweka dume na jike pamoja, wanapatana vizuri.*
Watapatana, na baada ya siku 31 hivi utakuwa na watoto. Watenganishe leo. Jike akianza kunyofoa manyoya kifuani, mtilie sanduku la sm 40 kwa 30 lenye nyasi kavu chumbani mwa kulala, na usilifunue kila saa.

*Kuku wanaweza kukaa chini ya kibanda?*
Hapana. Vumbi na kinyesi chao hupanda juu, na viroboto wa kuku hawachagui. Panda mchicha hapo pembeni; mbolea ya sungura huufaa sana.