Kabla Hujafungua Kontroo Amu za Pikapu ya Zamani

Pikapu ya miaka mingi ikianza kugonga mbele kila ikipita shimo, ikavuta upande ukikanyaga breki na kula tairi upande wa ndani, wa kwanza kulaumiwa huwa kontroo amu: ile mikono ya juu na ya chini inayounganisha gurudumu na chasisi. Mara nyingi lawama ni ya haki, ingawa kinachokufa si chuma chenyewe bali bushi zake za mpira na boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha duara kilicho kwenye ncha. Ila shokapu na tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) nazo hutoa makelele yanayofanana na hayo, kwa hiyo usinunue spea kwa kusikiliza tu.

Inua gari, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta huku mwenzako akimulika tochi kwenye boljointi. Hapa mahali pa kuweka jeki pana maana. Kama springi imekalia mkono wa chini, jeki iwe chini ya mkono huohuo, karibu na boljointi. Ukiinua kwa chasisi, springi inausukuma mkono chini mpaka mwisho, boljointi inabaki imebanwa na ulegevu wake hauonekani. Bushi nazo zijaribu kwa mtaimbo mdogo: mkono ukihama huku na huku kwa wepesi, au mpira ukionekana umeachana na chuma, hizo zimekwisha.

Sasa liko swali ambalo bila jibu lake mimi sigusi nati yoyote: nguvu ya springi imeshikwa na nini? Springi ya koili iliyo kati ya chasisi na mkono wa chini imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Inayoizuia isifyatuke ni ile boljointi unayotaka kuiachia. Kwa hiyo uwe na kibanio cha springi kilicho kizima, jeki imara chini ya mkono, na uamuzi wa mapema kwamba mwili wako hautakaa kwenye njia ya springi hata kwa sekunde moja. Kibanio cha kuazima chenye nyuzi zilizoliwa kirudishe kwa mwenyewe.

Pikapu nyingine hazina koili mbele. Zina tosheni baa, yaani fimbo ndefu ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kusokotwa. Fimbo hizo kuna zinazoshika mkono wa juu na kuna zinazoshika wa chini, kwa hiyo chungulia kwanza. Kabla ya kulegeza bolti ya kuirekebisha, pima kwa rula urefu wa nyuzi zilizojitokeza, kushoto na kulia, uandike. Kisha piga alama ya rangi pale fimbo inapoingia kwenye kishikio chake, na andika ipi ya kushoto na ipi ya kulia, maana kwa kawaida hazibadilishani. Ukipuuza alama hizo, gari litasimama limeinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo.

Baada ya springi, adui ni kutu. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilishika bolti ya mkono wa chini, nikaizungusha, ikazunguka, nikafurahi. Kumbe ilikuwa inazunguka pamoja na mrija wa chuma wa ndani ya bushi. Nikivuta spana mpira unapinda, nikiachia unarudi. Bolti na mrija vilikuwa vimeshikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Mwisho niliikata kwa grainda pande zote mbili, na kwa kuwa sikuwa nimenunua bolti nyingine, pikapu ililala juu ya stendi siku nne. Tangu hapo nanyunyiza dawa ya kutu siku mbili tatu kabla, asubuhi na jioni, na bolti mpya na nati zake ziko mkononi kabla gari halijainuliwa. Kama bolti hizo ndizo za kurekebishia alaimenti, yaani pembe za matairi, zenye washa za mviringo usio sawa, piga alama zilivyokaa. Zile zenye vibati vyembamba kwenye mkono wa juu, hesabu vibati vya kila bolti na uvifunge kwa waya kila fungu peke yake.

Kwenye spea, agiza kwa namba ya chasisi, kwa sababu mikono ya pikapu inayoendeshwa na magurudumu mawili na ya ile inayoendeshwa na yote manne mara nyingi haifanani hata kama jina la gari ni moja. Huna presi ya kutolea bushi? Nunua mkono mzima wenye bushi na boljointi zake. Boljointi za kiwandani zilizofungwa kwa ribiti zitahitaji keekee na patasi.

Kabla ya kuinua gari, liweke mahali tambarare na upime kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kipimo hicho ni kimo cha gari, na utakihitaji mwishoni, wakati wa kukaza bolti za bushi. Bushi za mpira zilizogandishwa kwenye chuma hazizunguki kama beringi. Mpira ndio unaosokoteka. Ukikaza bolti zake mkono ukiwa unaning'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo, na gari likishuka unabaki umesokotwa muda wote na kupasuka mapema. Kwa hiyo panga namna ya kukaza mara ya mwisho uzito ukiwa umekalia magurudumu, kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, na vipimo vya kitabu cha gari lako. Nati ya boljointi yenye meno ya taji ikifika kwenye toku yake na tundu la pini halijaonekana, endelea kukaza kidogo mpaka lionekane, usirudishe nyuma.

Andaa pia waya wa kufungia kalipa ya breki, isining'inie kwa hosi yake, na stendi mbili za kukaa chini ya chasisi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Miadi ya alaimenti iweke mapema, kwa sababu ukibadilisha mikono pembe za matairi huhama. Huko nenda polepole, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati za magurudumu. Na kama pikapu hiyo ndiyo usafiri wako wa kazini, usianze kuifungua Jumapili jioni.