Kusafisha masikio ya koka spanieli, hatua kwa hatua

Anayefuga koka spanieli hana budi kuyajua masikio yake vizuri, kwa sababu umbile la mbwa huyu limeyaweka matatani tangu mwanzo. Masikio ni marefu, mazito, yana manyoya nje na ndani, na yanafunika tundu lote hadi hewa haipiti. Tena njia ya sikio la mbwa haiendi moja kwa moja ndani kama ya binadamu. Inashuka wima kwanza, kisha inakata kona kuelekea kwenye kiwambo, utando mwembamba ulio mwisho wa njia hiyo. Maji, vumbi au mbegu ya nyasi ikishaingia hutua kwenye hiyo kona na kukwama. Koka ana la ziada: tezi za nta ni nyingi katika njia ya sikio lake kuliko kwa mbwa wengi, na sikio likipata uvimbe wa muda mrefu tezi hizo hunenepa, njia inazidi kuwa nyembamba, uchafu unazidi kunaswa. Hali hii inawahusu koka wa Kiingereza na wa Kimarekani, ingawa wa Kimarekani huathirika zaidi.

Kusafisha kunakoelezwa hapa ni kwa sikio zima, lisilougua. Sikio linalouma halisafishwi nyumbani, linapelekwa kwa daktari wa mifugo. Hatua ya kwanza ndiyo inayokuonyesha uko upande gani, kwa hiyo usiiruke.

Vifaa

Dawa ya kusafishia masikio iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Soma lebo. Kwa matumizi ya kawaida tafuta yenye asidi hafifu, kama ya salisiliki au ya laktiki, ambayo hukausha na kuwazuia fangasi na bakteria wasistawi, pamoja na kitu cha kuyeyusha nta kama propilini glaikoli au skwaleni.

Pamba ya kawaida au gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyokatwa vipande vya kuzungushia kidole. Gozi hushika nta vizuri zaidi na haiachi nyuzi.

Sirinji ya ml 5 isiyo na sindano, kama mdomo wa chupa yako ni mgumu au mrefu mno. Taulo mbili za zamani. Mkasi wenye ncha butu, au mashine ya kunyolea. Vipande vidogo vya kuku aliyechemshwa, visivyo na chumvi wala kitunguu.

Vijiti vya pamba viache kabisa. Kijiti hakizoi nta, kinaishindilia chini hadi kwenye kona, na hapo inakuwa kizibo kigumu kinachohitaji dawa ya usingizi kukitoa.

Usimwagie sikioni peroksaidi, spiriti, siki, mafuta ya nazi wala maji ya bomba. Spiriti na siki huunguza ngozi yenye michubuko, hata ile usiyoiona. Peroksaidi hutoa povu la kuridhisha macho, lakini inachoma ngozi na kuacha maji ndani. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyaamini kwa kila kitu, hukaa kwenye kona na kushika uchafu mpya. Na matone yaliyobaki kwenye kichupa cha mwaka jana yasirudishwe sikioni kwa kubahatisha: baadhi yana jentamaisini au neomaisini, dawa zinazoweza kumfanya mbwa kuwa kiziwi endapo kiwambo kimetoboka, nawe huwezi kukiona kiwambo kwa macho matupu.

Hatua ya 1: Nusa, kisha tazama

Inua sikio na uweke pua karibu na tundu. Sikio zima karibu halina harufu. Ngozi ya ndani ni ya waridi hafifu, haina joto kupita kiasi, na nta iliyopo ni kidogo, ya rangi ya kahawia isiyokolea. Likiwa hivyo, endelea.

Ukikuta mojawapo ya haya, funga chupa:

Harufu ya uchachu, pamoja na nta ya kahawia inayonata na ngozi nyekundu yenye mafuta. Mara nyingi huyo ni fangasi wa jamii ya hamira anayeitwa Malassezia. Anaishi kwenye ngozi ya kila mbwa, lakini unyevu na uvimbe humpa nafasi ya kuzaana.

Harufu ya kuoza, na usaha wa manjano au wa kijani. Hao ni bakteria, na usaha wa kijani unaoteleza unatia shaka ya Pseudomonas, bakteria sugu kwa dawa nyingi. Hapa usisubiri wiki iishe.

Uchafu mkavu mweusi kama machicha ya kahawa, mbwa akijikuna bila kupumzika, hasa mtoto wa mbwa au mbwa anayelala na paka. Shuku utitiri wa masikio. Ukithibitishwa, wanyama wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa pamoja, la sivyo wanaambukizana upya.

Mbwa anayelia ukimgusa chini ya sikio, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeyumba akitembea, au anayepata maumivu akifungua kinywa. Huenda tatizo limevuka kiwambo na kuingia sikio la kati.

Ukiamua kwenda kwa daktari, usisafishe siku moja au mbili kabla. Anahitaji kuchukua uchafu huo kwa kijiti, kuupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Fangasi na bakteria hutibiwa kwa dawa tofauti, na rangi ya uchafu peke yake inaweza kukudanganya hata kama macho yako yamezoea. Daktari anayetoa matone bila kuchungulia ndani ya sikio wala kuupima uchafu, mwombe kwa heshima afanye hivyo kwanza.

Pitisha vidole kwenye mikunjo pia. Kupe hupenda kujificha humo. Mng'oe kwa kibanio kilichoshika karibu kabisa na ngozi, ukivuta polepole moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa.

Hatua ya 2: Punguza manyoya

Geuza sikio na unyoe manyoya ya upande wa ndani, kuzunguka tundu na chini yake, mahali sikio linapogusana na shavu. Lengo ni kuacha njia ya hewa ya upana wa vidole viwili hivi. Kwa mashine, wembe namba 10 unatosha. Ukitumia mkasi, ncha ielekee nje, mbali na tundu, na uangalie mkunjo mdogo wa ngozi ulio pembeni mwa sikio: ni rahisi sana kuukata.

Manyoya yaliyo ndani ya njia yenyewe yaache, isipokuwa yameziba kabisa na daktari ameshauri yatolewe. Kuyang'oa kunaacha vidonda vidogo vidogo, na sikio lililokuwa zima linaweza kuvimba kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 3: Mweke mbwa mahali pake

Chagua bafu, baraza au uwanja. Atakapotikisa kichwa, nta itaruka hadi ukutani. Mkalishe kwenye mkeka usioteleza, mgongo wake ukikuelekea na mapaja yako yakimzuia pembeni. Mbwa wa kilo 10 hadi 15 anashikika vizuri hivyo bila kukabwa.

Chupa ikae dakika chache kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha jaribu tone kwenye kifundo cha mkono wako. Dawa baridi inashtua, na ikifika karibu na kiwambo inaweza kumletea kizunguzungu. Mbwa aliyepatwa na hilo mara moja ataanza kukimbia kila aionapo chupa.

Hatua ya 4: Jaza njia ya sikio

Shika sikio karibu na shina lake, livute juu na nje kidogo. Kwa kuvuta hivyo unainyoosha ile kona. Mimina dawa hadi uione imefika kwenye tundu. Kwa koka mkubwa ni kama ml 3 hadi 5. Matone mawili matatu hayafiki kokote, yanalowesha nta ya juu tu, na hilo ndilo kosa linalowafanya wengi waseme dawa haifanyi kazi.

Mdomo wa chupa usiguse sikio. Ukigusa, ufute kwa spiriti na uuache ukauke kabla ya kuendelea. Kama sikio moja huwa chafu kuliko jingine, anza na lililo safi.

Akikohoa au kumeza mate ghafla mara tu unapomimina, simama. Dawa inaweza kuwa imepita kwenye kiwambo kilichotoboka na kushuka kooni. Mpeleke akaangaliwe.

Hatua ya 5: Kanda kwenye shina

Ukiwa bado umeinua sikio, weka kidole gumba na cha shahada chini ya tundu, upande wa shavu. Utahisi kitu kigumu kama bomba: hiyo ndiyo njia ya sikio inayoshuka. Ikande kwa sekunde 30, ukibana na kuachia, bila kusugua ngozi ya juu. Usikie mchapuko wa majimaji. Usipousikia, dawa haitoshi, ongeza.

Kazi yote ya kusafisha inafanyika hapa. Dawa inayeyusha nta, vidole vyako vinaisukuma huku na huko, na kilichokuwa kimetulia kwenye kona kinaanza kupanda. Mbwa wengi hulegea na kuegemeza kichwa mkononi. Anayejikunyata au kulia anakuambia kuna maumivu. Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 6: Mwachie atikise

Mfunike kichwa kwa taulo, legeza mikono na umwache atikise kwa nguvu zake. Usimzuie. Mtikiso ndio unaotoa uchafu ulioko chini ya kona, mahali ambapo kidole chako hakifiki.

Hatua ya 7: Futa kwa kidole tu

Zungushia gozi kwenye kidole cha shahada na ufute kuanzia ndani kuja nje, kwa kina ambacho kidole kinafika bila kulazimisha. Badilisha gozi kila inapochafuka. Kama kipande cha mwisho bado kimekolea kahawia, rudia hatua ya 4 hadi ya 7 mara moja zaidi. Usipitishe raundi mbili kwa siku. Malizia kwa kukausha upande wa ndani wa sikio kwa taulo, mpe kuku wake, kisha nenda upande wa pili.

Mara ngapi?

Anza na mara moja kwa wiki. Kama kwa wiki tatu mfululizo gozi inatoka karibu safi, sogeza iwe kila baada ya wiki mbili. Kusafisha kila siku kunalainisha ngozi ya ndani kama ya kidole kilichokaa majini, na ngozi hiyo hushambuliwa kwa urahisi. Kunusa, lakini, fanya kila wiki bila kukosa, hata wiki usiyosafisha.

Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, masikio hayakauki yenyewe kama Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi. Mbwa wa Pwani anayeogelea asafishwe na kukaushwa siku hiyo hiyo. Unapomwogesha, weka donge la pamba kavu kwenye kila tundu na ulitoe mara umalizapo. Chagua donge kubwa lisiloweza kuzama ndani.

Wakati wa kula, mtumie bakuli refu lenye mdomo mwembamba ili masikio yaning'inie nje. Ncha zilizolowa mchuzi hukauka na kufunga mafundo, na mbwa hutikisa kichwa kutwa nzima. Akitikisa sana, mshipa wa damu ndani ya sikio unaweza kupasuka, sikio likajaa damu na kuvimba kama mto. Hilo nalo ni la daktari, na usilitoboe mwenyewe.

Baada ya matembezi porini au kwenye nyasi ndefu, chana masikio na uondoe vishona nguo na mbegu zenye miiba. Mbwa aliyetoka nyumbani mzima na kurudi akitikisa kichwa kwa ghafla, upande mmoja tu, huenda ana mbegu ndani. Usiifuate kwa kibanio, maana itasogea mbele.

Sikio linalorudia kuugua

Tatizo likirudi miezi michache baada ya matibabu, hasa masikio yote mawili, acha kulaumu uchafu. Tazama nyayo, kwapa na tumbo. Koka anayelamba nyayo hadi manyoya yanabadilika rangi, na kujikuna tumbo, mara nyingi ana mzio, na sikio ni sehemu tu ya ngozi inayougua. Hakuna usafi wa sikio unaoponya mzio. Viroboto wadhibitiwe mwaka mzima, na daktari akishuku chakula ataagiza jaribio la angalau wiki 8 kwa chakula cha aina moja ambacho mbwa hajawahi kula. Jaribio hilo huvunjwa na vitu vidogo: kichwa cha dagaa kilichodondoka jikoni, ugali wenye mchuzi ambao mtoto amemrushia, hata kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama. Kila mtu nyumbani aambiwe, na msaidizi wa kazi na mlinzi pia. Koka wa makamo anayenenepa na kupoteza manyoya apimwe pia tezi ya thairoidi.

Ukipewa matone ya dawa, safisha kwanza kama daktari alivyoelekeza, subiri sikio likauke, ndipo uyaweke, na umalize siku zote ulizoandikiwa. Harufu hupotea mapema, huku fangasi au bakteria bado wapo chini ya kona. Rudi ukapimiwe tena kwa hadubini kabla ya kuacha dawa. Uvimbe unaoachwa nusu nusu mwaka hadi mwaka huikaza njia ya sikio na kuifanya ngumu kama mfupa, na hapo hubaki upasuaji wa kuiondoa njia yote, ambao koka hufanyiwa mara nyingi kuliko mbwa wa aina nyingine.