Somo: Kuipoza Baskerville kwa ajili ya kijitabu cha arobaini

Mwaka jana tulikuwa tunaandaa arobaini ya shangazi. Kijitabu kikaniangukia mimi, maana ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo. Kurasa 16: wasifu, dua, na utenzi aliotungiwa na kaka yake. Nikapanga kwa Libre Baskerville, nikachapa karatasi moja, nikampa dada mkubwa. Akaisogeza mbali kidogo na macho, akasema: "Maneno mazuri. Ila mbona yanasomeka kama hotuba ya mgeni rasmi?"

Alikuwa sahihi. Badala ya kutafuta fonti nyingine niliamua kuipoza hiyohiyo, na ndilo somo la leo. Unahitaji FontForge (programu ya bure ya kuhariri fonti), faili la fonti, na jioni kama nne hivi.

Kwanza, ijue fonti yako

John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, kabla hajawa mchapaji, alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi ya makaburi. Kwa hiyo msiba si mgeni kwake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1757, na herufi zake zilikuwa na mistari minene sana na myembamba sana pamoja, hadi watu wakasema zitawapofusha wasomaji. Benjamin Franklin alimwandikia mwaka 1760 jinsi alivyomtega mlalamikaji mmoja: akampa karatasi ya herufi za Caslon, mtengeneza herufi mwingine wa Uingereza, akidai ni za Baskerville, na yule bwana akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine.

Libre Baskerville haikutoka moja kwa moja kwa mzee huyo. Ilichorwa kufuata toleo la Kimarekani la 1941, halafu herufi ndogo zikarefushwa kimo ili zisomeke kwenye skrini. Hapo ndipo kelele ilipotoka: kimo kikubwa pamoja na ncha kali.

Pili, taja hali kwa neno moja la Kiswahili

Usiseme "huzuni", ni pana mno. Huzuni ya siku ya maziko na ya siku ya arobaini si moja. Mimi niliandika kwenye karatasi: *kupoa*. Kila nilipobadilisha kitu nilijiuliza, je, kimepoa au kimelala? Toleo langu la kwanza lililala kabisa, kwa sababu nilipunguza tofauti ya unene hata kwenye herufi kubwa, likawa kama barua ya taipureta.

Tatu, ruhusa na jina

Fonti hii iko chini ya leseni huria ya SIL. Unaruhusiwa kuibadilisha na kuigawa, ila toleo lako libaki chini ya leseni hiyohiyo, na usitumie jina lililohifadhiwa na mwenye kazi. Fungua Element, kisha Font Info, ubadilishe majina yote pale, lile la familia na lile la kusomwa na watu. Yangu nimeiita Arobaini. Fanya hivi mapema, la sivyo kompyuta itachanganya fonti mbili nawe utadhani kazi yako imepotea.

Nne, anza na a

Hapa natofautiana na masomo mengi ya mtandaoni. Wao huanza na n na o, kwa sababu kwao ndizo zinazozaa nyingine. Sisi tuhesabu. Chukua sentensi ya wasifu wetu: *Marehemu aliwapenda watoto wake na majirani zake.* Herufi 42, na kati ya hizo a ni 10. Karibu robo! Ukurasa wa Kiswahili ni shamba la a. Ukiipoza a, ukurasa mzima umepoa hata kabla hujagusa kingine.

Fungua a. Pima sehemu nyembamba kuliko zote, pale tumbo linapokutana na nguzo. Tuseme ni uniti 30 (uniti ni kipimo kidogo cha ndani ya fonti): ipeleke 40. Usiguse nguzo nene. Usitumie amri ya kunenepesha herufi nzima, maana itaongeza pande zote na utapata herufi nzito, si tulivu. Shika nukta za upande wa ndani, uzisogeze kidogokidogo. Kisha tone lile la wino juu ya a, kwenye ncha ya kichwa, lipunguze kama asilimia 10. Ni dogo, lakini likirudiwa mara 10 kwenye mstari mmoja, linagonga kama msumari.

Ukiridhika na a, ndipo uende k, w, i, u, n, m, e. Q na x ziache zilivyo, hatutakutana nazo.

Tano, ncha na kimo

Ncha za serifu (vile vijiguu vya mwisho wa mistari ya herufi) zizungushe kidogo, uniti 6 hadi 8 kwa fonti ya uniti 1000. Jicho halitaona mviringo wenyewe, litaona tu kwamba karatasi imelainika. Kimo cha herufi ndogo nilikishusha uniti 25. Usibane herufi nzima kwa asilimia, mistari ya mlalo itakonda. Chagua nukta za juu peke yake, uzishushe, halafu unyooshe mikunjo iliyopinda. Vichwa vya k na l viache palepale. Sasa vinapanda juu ya wenzao, na mstari unapata hewa.

Sita, nafasi

Ongeza uniti 5 au 6 kila upande wa herufi. Kisha fungua dirisha la Metrics uandike jozi zetu: wa, ya, kw, Wa, Ya, mw, ny. Na ng'. Hii ng' ndiyo mtihani. Ni sauti moja, kwa hiyo alama ya juu lazima iegemee g, isiache pengo kabla ya herufi inayofuata. Tumia ile alama iliyopinda kama 9, si kijiti kilichosimama wima. Mkia wa g ya Baskerville haufungwi chini. Nilijaribiwa kuufunga, nikauacha. Ndio sura yake.

Mwisho toa faili kwa Generate Fonts, uchape kwenye mashine ya fotokopi ya steshenari unayokwenda siku zote, si printa nzuri ya ofisini. Kijitabu kitazaliwa kule.

Maswali ya wanachama

KalamuYaTanga: Shikamoo mwalimu. Nimegusa a, sasa nikichapa tumbo lake linajaa weusi mtupu. Nimekosea wapi?

Marahaba. Mzunguko wa ndani umegeuzwa uelekeo, programu inadhani nao ni wino. Chagua herufi, nenda Element, bonyeza Correct Direction.

FundiKadi: Mkuu, si ungenunua tu fonti ya Mrs Eaves?

Ningeweza, na ni kazi nzuri. Zuzana Licko aliitoa 1996, naye alikuwa anaipoza Baskerville hiyohiyo. Jina alilitoa kwa Sarah Eaves, mtunza nyumba wa Baskerville aliyekuja kuwa mke wake. Lakini kimo cha herufi zake ndogo ni kifupi na nafasi ni pana, utenzi mrefu ungenilia kurasa. Na kununua kusingenifundisha kitu kuhusu a.

BintiSaidi: Naweza kumtoza mteja?

Kijitabu, ndiyo, toza kazi yako yote. Fonti yenyewe peke yake, leseni hairuhusu kuiuza.

Mchapaji_Mdogo: Na kwa kadi ya harusi je? Nigeuze kila kitu kinyume?

Si kila kitu. Rudisha wembamba, ncha ziwe kali, lakini nafasi iache ilivyo. Na kwenye majina ya bwana na bibi ongeza ukubwa, usiongeze unene. Watu wengi hukosea hapo, kadi ikafanana na tangazo la mnada.

Msomi_wa_Lamu: Utenzi wetu uko kwa herufi za Kiarabu. Hatua hizi zinafaa?

Hatua ya neno moja inafaa. Nyingine hapana, sheikh. Kule herufi hushikana na kubadilika sura kulingana na mahali ilipo, kwa hiyo a yako itabidi uitafute upya kwenye ukurasa wako.

KalamuYaTanga: Correct Direction imekubali, ahsante. Tunaomba faili la Arobaini.

Nitaliweka pamoja na leseni yake. Ni uzito wa kawaida tu. Ile nene bado, m yake inanisumbua: ikisimama kabla ya w inaonekana kama ua la miti.