Namna ya Kutambua Alama za Plasmoni katika Spektra za Fotoelektroni za Fedha, Dhahabu na Shaba

Anayepima fedha safi kwa spektroskopia ya fotoelektroni za eksirei, yaani kwa kupima nishati ya elektroni zinazong'olewa na eksirei, huona vilele viwili virefu vya Ag 3d (elektroni za ganda la 3d la fedha), kimoja, 3d5/2, karibu na 368.3 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) na kingine, 3d3/2, karibu na 374.3 eV. Upande wa nishati kubwa ya ufungamano (nishati iliyoifunga elektroni kwenye atomu) wa kila kilele huwa na kijilima kilicho umbali wa takriban 3.8 eV. Hicho si oksidi wala uchafu, bali ni alama ya plasmoni: fotoelektroni inapotoka huzitikisa kwa pamoja elektroni za metali na kupoteza kiasi hicho cha nishati, nacho kifaa huihesabu kana kwamba ilifungwa kwa nguvu zaidi.

Usiitafute mahali pasipo pake. Ukikokotoa kwa kuhesabu elektroni moja huru kwa kila atomu ya fedha, utapata karibu 9 eV. Lakini elektroni za 4d, ambazo huanza kuruka juu ya kiwango cha Fermi (ukomo wa juu wa nishati ya elektroni ndani ya metali) zikipata karibu 4 eV, hubadilisha mwitiko wa metali nzima na kuishusha plasmoni hadi 3.8 eV. Plasmoni ya uso nayo iko karibu na 3.7 eV, kwa hiyo vipimo vya kawaida havitazitenganisha. Anayetaka kuzizoea zikiwa mbalimbali aanze na alumini iliyosafishwa, ambamo plasmoni ya ndani ya metali huonekana karibu na 15 eV na ya uso karibu na 10.5 eV.

Safisha sampuli kwa ioni za argoni mpaka vilele vya C 1s na O 1s, yaani vya kaboni na oksijeni, vitoweke, kisha pima kuanzia 360 hadi 390 eV kwa hatua zisizozidi 0.1 eV, ukirudia mara nyingi kwa sababu ishara ni hafifu. Tazama kwanza karibu na 378 eV, kwa kuwa kijilima cha 3d3/2 husimama hapo peke yake, ilhali cha 3d5/2 huangukia karibu na 372 eV, katika bonde lililo kati ya vilele viwili. Unapoondoa usuli (ishara iliyotandaa chini ya vilele), mwisho wake uwe mbali kupita 380 eV. Ukiukata kwenye 376 eV utakuwa umeitupa nusu ya ushahidi.

Napendelea ushahidi huu kuliko mahali pa kilele peke yake. Oksidi za fedha, kinyume na metali nyingi, husogeza kilele kuelekea nishati ndogo, tena kwa sehemu chache tu za kumi za eV, kiasi ambacho kosa dogo la kusawazisha mizani ya nishati linaweza kukimeza. Vijilima vikiwepo na vilele vikiwa vyembamba, fedha hiyo ni ya metali.

Kwa shaba na dhahabu, miruko ya elektroni za d huanza mapema, takriban 2 eV na 2.4 eV, hivyo plasmoni hufifishwa na upotevu wa nishati hutawanyika. Usilazimishe kilele chembamba mahali palipo na mteremko mpana. Katika dhahabu, upotevu wa karibu 3.7 eV kutoka kilele cha 4f7/2 ungefichwa chini ya kilele jirani cha 4f5/2. Katika shaba, vilele vya pembeni kati ya 940 na 945 eV ni vya shaba yenye chaji 2+, si plasmoni. Shaka ikibaki, elekeza elektroni za nishati inayojulikana juu ya sampuli ileile, upime zinazorudi, na ulinganishe umbali wa upotevu katika spektra zote mbili.