Kabla hujamlipa fundi wa tyuna ya zamani

Ukiwa na tyuna ya FM (kifaa cha kunasa stesheni za redio) ya miaka ya 1970 inayokwaruza, usikimbilie kubadilishiwa vipuri vyote. Anza na antena: dipole ya waya (antena ya mikono miwili) yenye urefu wa mita 1.5 hivi, ining'inize juu dirishani, kisha sikiliza tena. Mara nyingi mkwaruzo huisha hapohapo. Usipoisha, mlipe fundi asawazishe koili (nyaya zilizoviringwa za kunasia masafa) kwanza. Kapasita (kipuri kinachotunza chaji ya umeme) iliyovimba au kuvuja, hiyo itoke bila mjadala. Iliyotoka Marekani, soma volti nyuma kabla ya kuichomeka. Sauti yake ikiwa nzito, imefifia juu, badilisha kapasita mbili tu za di-emfasisi (sehemu inayopunguza sauti za juu): kipimo chake kule Marekani ni maikrosekunde 75, Ulaya 50, na kikubwa hufifisha zaidi. Iliyouzwa Japani ikiishia megahezi 90, hainasi stesheni za juu ya hapo; mimi siigharimii hata shilingi.